Jinsi ya kuzalisha aina yako mpya ya krisanti ya chungu hapa Nairobi, kuanzia chavua hadi kuiandikisha KEPHIS

Zile krisanti za chungu unazoona zimepangwa kando ya Ngong Road, za manjano na pinki, zimejaa maua mpaka majani hayaonekani, nyingi ni aina zilizotoka kwa wazalishaji wa Ulaya. Kenya tunakata vipandikizi vya krisanti tunavipakia kwa ndege vinaenda kuoteshwa huko, mikono yetu inaujua huu mmea kabisa, lakini aina yenyewe inabaki ya mwingine. Mimi nina nasari ndogo huku upande wa Kiambu Road na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizalisha zangu, kwa hivyo naandika vile nafanya, hatua kwa hatua, kwa yeyote mwenye grinihausi hata ya mita sita kwa kumi na mbili na subira ya miaka mitatu minne hivi.

Kwanza lijue ua lenyewe

Ka umekulia Molo ama Kinangop unaijua pareto, na pareto ni ndugu wa karibu wa krisanti, zamani wanasayansi waliziweka jenasi moja. Chukua ua la pareto mkononi uliangalie vizuri. Hilo si ua moja, ni kichwa chenye vimaua vingi. Vile vyeupe vya pembeni ni vya kike tu, havina chavua. Vile vya manjano vya katikati ni vya kike na kiume pamoja, na ndivyo vinatoa chavua. Krisanti ni hivyo hivyo, isipokuwa zile zimejaa petali ka mpira karibu vimaua vyote vimegeuka vya pembeni, kwa hivyo hizo utazitumia ka mama, kupata chavua kwake ni shida. Baba mtafute kwa zile zinaonyesha kitovu katikati.

Alafu krisanti haijipandi yenyewe kirahisi, chavua yake inakataliwa na stigma zake, yaani zile ncha za kike zinazopokea chavua, hiyo ni tabia ya mmea. Kwako ni faida manake mbegu ukipata karibu zote zitakuwa za baba uliyemchagua.

Hatua ya 1: andika unachotaka kabla hujagusa brashi

Usiseme nataka ua zuri. Mimi karatasi yangu iko ukutani: chungu cha sentimita 12, mmea mmoja tu ndani, utoe matawi wenyewe ukikatwa ncha mara moja, uchanue kwa wiki 8 tangu taa za usiku zizimwe (taa nazieleza hatua ya 2), usihitaji dawa ya kufupisha, rangi ya machungwa yaliyoiva. Kila mzazi naangalia analeta nini kwa hiyo orodha.

Kuhusu rangi kuna jambo moja litakuokoa msimu mzima. Krisanti nyeupe inatengeneza rangi ya manjano kwa petali lakini ina jeni inayoivunjavunja, manjano ni ile ambayo hiyo jeni haiko ama haifanyi kazi. Ndio maana ukichavusha nyeupe kwa manjano watoto wengi hawatakuwa manjano, ukitaka manjano chavusha manjano kwa manjano. Pinki ni rangi ingine inaongezwa juu ya petali isiyo na manjano, na hiyo hiyo ikiongezwa juu ya manjano ndio unapata machungwa na shaba. Bluu usisumbuke nayo, haimo kwa huu mmea, Wajapani waliipata 2017 kwa kuingiza jeni za mimea mingine kwenye maabara.

Zaidi ya hapo usitegemee kutabiri. Mimea mingi ina seti mbili za kromosomu, krisanti ina sita, kwa kawaida kromosomu 54, na kila mbegu inachanganya hizo zote upya. Mbegu ishirini za kichwa kimoja ni watoto ishirini wasiofanana.

Hatua ya 2: taa, na hapa ndio Nairobi inatofautiana na vitabu

Krisanti inachanua usiku ukiwa mrefu. Huku kwetu karibu na ikweta usiku ni kama saa 12 mwaka mzima, maana yake kwa krisanti kila siku ni siku ya kuchanua, mche bado mdogo wa majani manane unaweka tumba na basi umekwisha, hakuna tena ncha ya kukata. Kwa hivyo mimea mama, yaani ile unayokata vipandikizi, na miche lazima uivunjie usiku, washa taa saa nne usiku zima saa nane, kila siku bila kuruka. Mwanga si lazima uwe mkali, kama lux 100 kwenye majani inatosha, na LED nyekundu zinafanya kazi poa na hazili stima sana. Weka swichi ya saa, usitegemee mtu wa kuamka.

Na uwe na betri. Mwaka mmoja stima ilipotea kwetu usiku nne mfululizo, nikaona si kitu, wiki mbili baadaye mama zangu zote zilikuwa na tumba kwenye ncha na nikakosa vipandikizi vya msimu mzima, ile hasara iliniuma kwa sababu kati yao kulikuwa na mche mmoja niliokuwa nimeusubiri miaka miwili.

Hatua ya 3: kuchavusha

Panga wazazi wachanue Januari ama mwishoni mwa Julai, ili mbegu ziive kabla ya mvua ya Machi na ile ya Oktoba. Kichwa cha ua kikilowa kwa wiki kadhaa kinaoza na mbegu ndani.

Chukua makasi madogo yenye ncha, kata petali za mama zibaki fupi kabisa, karibu nusu sentimita kutoka kitakoni. Usiogope, ua litaonekana baya lakini stigma ziko chini ndani ya mrija wa petali na bila kukata hazifikiwi. Vimaua vya katikati ving'oe na kibano kabla havijafunguka. Funika na mfuko mdogo wa karatasi ya khaki manake nyuki na nzi wa maua hawakuulizi ruhusa ya kupita. Baada ya siku mbili tatu utaona stigma zimetokeza zimegawanyika ka herufi Y na zinang'aa, hapo ziko tayari.

Chavua chukua saa nne hivi asubuhi jua likishakausha umande. Gusa kitovu cha baba na brashi ndogo ya rangi, ukiona unga wa manjano pakaza kwa stigma za mama, funika tena. Rudia baada ya siku mbili, alafu tena baada ya mbili, kwa sababu stigma hazifunguki zote pamoja, za nje hutangulia. Lebo funga siku hiyo hiyo: mama, baba, tarehe. Andika na penseli, wino wa kalamu unafutika na jua. Kila baba na brashi yake.

Hatua ya 4: mbegu

Wiki sita hadi nane kichwa kinakauka kinakuwa kahawia, kata, acha kikauke ndani ya bahasha, kisha pukuchua juu ya karatasi nyeupe. Mbegu nzuri imenenepa na ni ngumu, iliyo bapa na nyepesi ni tupu. Vichwa vingine havitakupa hata moja. Panda juu ya kokopiti laini (unga wa makumbi ya nazi), funika kidogo sana, zinaota kwa wiki moja hadi mbili. Taa juu yake tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 5: kutupa

Hapa ndipo kazi yenyewe iko. Kuchavusha mtu hujifunza asubuhi moja, lakini kutupa mimea uliyoilea mwenyewe kutoka kwa mbegu kunahitaji roho, na aina mpya inatoka hapa. Makampuni makubwa yanaotesha maelfu ya miche kila mwaka ili yabaki na michache mno. Wewe ukiwa na miche mia tatu, jitayarishe kutupa zaidi ya mia mbili na themanini duru ya kwanza.

Kila mche chungu chake, kata ncha, baada ya wiki mbili zima taa, andika tarehe. Alafu pita kila siku na daftari. Uliotoa matawi mawili tu baada ya kukatwa, toa. Shingo ya ua ndefu mpaka kichwa kinalala, toa. Unaochanua tawi moja leo na lingine baada ya siku kumi, toa, kwa sababu mteja ananunua chungu kilichojaa. Majani ya chini yakigeuka manjano kabla ua halijafunguka, toa. Na ule wenye ua zuri ajabu juu ya mmea mbovu, huo ndio mgumu zaidi kuuacha: baki nao kama mzazi wa msimu ujao, lakini usiuite aina.

Usichague siku moja. Mimi nachagua mara mbili, mara ya pili natafuta mtu wa nasari nyingine anayeuza barabarani apite peke yake, manake yeye anajua mkono wa mteja unaenda wapi kwanza.

Hatua ya 6: zile zilizobaki zipimwe kweli kweli

Kata vipandikizi kumi vya kila mmoja. Kipandikizi cha kuuzwa lazima kitoe mizizi ndani ya wiki mbili, kinachokokota utakichukia ukiwa na elfu moja. Panda, kata ncha, zima taa, vyote kumi vichanue karibu siku moja na kwa urefu mmoja.

Alafu rudia Julai na urudie Februari. Baridi ya Julai hugeuza nyeupe nyingine ziwe na pinki pinki, joto la Februari ndani ya plastiki huchelewesha tumba, na aina isiyovumilia hiyo miezi miwili hapa Nairobi haitakusaidia hata ikiwa ya ajabu mwezi wa Mei. Mwisho weka vyungu viwili sebuleni kwa mtu, umwagilie tu, uone wiki tatu baadaye ziko vipi, na vingine vipige safari ndani ya boksi juu ya pikapu.

Ukiona njiani tawi moja limetoa rangi tofauti, likate ulioteshe, aina nyingi za krisanti zilipatikana hivyo hivyo. Litazame vizazi vitatu vya vipandikizi kabla ya kuliamini, kwa sababu mara nyingi ni ngozi ya juu tu ya mmea iliyobadilika.

Hatua ya 7: mama safi

Kuna kutu nyeupe, madoa ya manjano hafifu juu ya jani na chini yake vipele vyeupe au vya pinki iliyopauka, hupenda ubaridi na majani mabichi. Mwagilia chini, asubuhi, na mmea wenye dalili utoke siku hiyo. Hatari zaidi ni kiroidi cha kudumaza (viroid, kitu kama virusi lakini kidogo zaidi), hakina dawa ya kupuliza, kinapita kwa kisu na vidole, mmea unabaki mfupi na maua madogo mpaka unadhani umepata aina fupi kumbe ni ugonjwa. Kisu kiloweke kwenye Jik iliyochanganywa na maji kabla ya kuhamia mama mwingine, na kabla hujatangaza umepata aina fupi, peleka sampuli maabara. Mama akishakatwa miezi mitatu minne hivi, mpande upya kutoka kwa kipandikizi chake bora.

Hatua ya 8: iandikishe

Haki za mzalishaji hapa zinashughulikiwa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, makao yao yako Karen. Kenya iko ndani ya UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 1999. Aina yako lazima itofautiane na zinazojulikana, ifanane yenyewe kwa yenyewe, na isibadilike ukiizidisha. Iwe pia mpya, yaani usiwe umeiuza hapa nchini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, kwa hivyo zile za majaribio usianze kuziuza kiholela, weka risiti na tarehe. Kutumia aina ya mwingine yenye haki ka mzazi unaruhusiwa, lakini kuizidisha yenyewe na kuiuza bila leseni hapana, na tawi lililobadilika rangi juu ya aina yenye haki huwezi kuliuza bila ruhusa ya mwenyewe. Daftari la tarehe, majina ya wazazi na picha za kila duru beba yote siku ya kwenda, maelezo ya asili ya aina yako yataulizwa.