Somo: Kufanya kazi na sampuli zenye vimelea kwenye maabara ya chuo bila kuondoka navyo

Habari wakuu. Hili ni somo ambalo natamani mtu angenipa wiki ile ya kwanza nilipoingia maabara: jinsi ya kushika damu, makohozi, kalcha za bakteria (yaani bakteria waliooteshwa maabara), seli za binadamu na vitu kama hivyo bila kujidhuru wala kumdhuru mwenzako. Wengi wanaogopa tukio kubwa, chupa kupasuka hivi, lakini kwa ninavyoona mimi shida inaanzia kwenye mkono wenye glovu. Mtu kashika tyubu ya sampuli, simu inaita, anaipokea na glovu ile ile, baadae anavua, ananawa vizuri kabisa na sabuni, halafu anaichukua simu anaiweka sikioni. Kunawa kote kumekwenda bure.

Hatua ya 1: Jua unashika nini
Vimelea vimepangwa kwenye makundi manne ya hatari, la 1 ni vile ambavyo si rahisi kumuumiza mtu mwenye afya, la 4 ndo kina Ebola. Maabara nazo zina ngazi za usalama, na nyingi za kufundishia ni za ngazi ya 1 na ya 2. Damu ambayo haijapimwa ihesabu kuwa ina HIV na homa ya ini B, na chanjo ya homa ya ini B chanja kabla hujaanza kazi, sio baada ya ajali.

Hatua ya 2: Kuvaa, na zaidi sana kuvua
Koti lifungwe vifungo, viatu vifunike vidole, glovu ipande juu ya mkono wa koti. Koti linabaki maabara, usiende nalo kula. Kuvaa kila mtu anaweza, kwenye kuvua ndo watu wanajipaka. Ishike glovu ya kwanza kwa nje karibu na kifundo cha mkono, ivute ijigeuze ndani nje, ikunje kwenye kiganja cha mkono ambao bado una glovu, kisha pitisha kidole kitupu kwa ndani ya ile ya pili uivute nayo ijigeuze na kuimeza ya kwanza. Kama unajiamini jipime hivi: vaa glovu mpya, zipake rangi ya maji, vua, angalia mikono yako. Kila nilipowafanyisha wanafunzi hili zoezi kuna aliyekuta rangi kwenye kifundo, na huyo huyo ndo anakuwa makini kuliko wote kuanzia siku hiyo.

Hatua ya 3: Kabineti ya usalama
Hili ni lile kabati lenye feni na kioo mbele unalofanyia kazi na vimelea. Iwashe dakika 5 kabla ya kuanza. Kinachokulinda pale ni hewa inayonyonywa kuingia kwenye matundu ya mbele, kwa hiyo ukiweka daftari au kiwiko juu ya yale matundu umeizima kinga yako mwenyewe bila kujua. Ingiza mikono taratibu, usiitoe toe kila saa, vitu visafi upande mmoja na vichafu upande mwingine. Moto usiwashe mle ndani, unavuruga hewa. Na angalieni, kuna nyingine inafanana nayo lakini yenyewe inapuliza hewa kuelekea usoni kwako, ile inalinda sampuli tu, wewe haikulindi, usifungulie vimelea mle.

Hatua ya 4: Taka
Sindano usirudishie kifuniko, itumbukize moja kwa moja kwenye boksi lake, likifika robo tatu lifungwe. Mfuko wa taka unaoingia otoklevu (mashine ya kuua vimelea kwa mvuke wa moto) usiukaze mdomo maana mvuke lazima upenye hadi katikati, nyuzi 121 kwenye mita hazina maana kama katikati ya mfuko bado ni vuguvugu. Ile tepu inayobandikwa kwenye mfuko ikibadilika rangi inakwambia mfuko umepata joto, haikwambii vijidudu vimekufa, hilo unalijua kwa kupima mara kwa mara na spora (hali sugu ya bakteria, ngumu kuua) za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus. Taka zenye klorini usiziweke otoklevu kabisa, zinatoa gesi ya sumu.

Hatua ya 5: Sampuli ikimwagika
Waambie watu, tokeni, fungeni mlango, subirini dakika 30 ili matone yanayoelea hewani yatue. Rudi umevaa kamili, funika kwa tishu, mwaga klorini ya asilimia 0.5 kuanzia pembeni kwenda katikati, iache nusu saa. Vioo okota kwa koleo, kamwe sio vidole. Tyubu ikivunjikia ndani ya sentrifuji (mashine inayozungusha tyubu kwa kasi) ni hivyo hivyo, zima, usifungue, subiri dakika 30.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwa nini tunatumia spiriti ya asilimia 70 wakati ipo ya 96 ambayo ni kali zaidi?
Jibu: Maji yanahitajika ili spiriti ivuruge protini za kijidudu, na ile ya 96 inakauka haraka kabla haijamaliza kazi. Ila zote mbili haziui spora.

Swali: Nikijichoma sindano nikamue damu itoke?
Jibu: Usikamue. Osha na maji yanayotiririka na sabuni, toa taarifa, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Dawa za kukinga HIV mwisho ni saa 72 lakini kila saa inayopita inakupunguzia nafasi.

Swali: Sisi tunatumia bakteria waliodhoofishwa, kuna haja ya yote haya?
Jibu: Ipo ndugu yangu. Mwaka 2009 Malcolm Casadaban, mtafiti wa University of Chicago, alikufa kwa tauni akiwa anafanya kazi na bakteria waliodhoofishwa, wasioweza kujipatia madini ya chuma vizuri. Baadae ikaonekana yeye alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaorundika chuma mwilini, na huenda ndo uliwapa walichokosa. Kwa hiyo ukipata homa mwambie daktari unashughulika na vimelea gani, yeye hawezi kubahatisha.

Swali: Klorini niliyochanganya Ijumaa naweza kuitumia Jumatatu?
Jibu: Hapana, imeshapungua nguvu. Changanya mpya kila siku, kama ya dukani ni asilimia 5 weka kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, na andika tarehe kwenye chupa.

Swali: Na kama supavaiza mwenyewe anapokea simu na glovu?
Jibu: Mletee boksi la glovu mpya mezani na umwambie kwa heshima, "Dokta, hizo zimeshagusa simu." Mimi mwanafunzi alishaniambia hivyo, nikabadilisha, nikamshukuru.