Visu vya slasha ya trekta: kuvikagua, kuvinoa na kuvibadilisha kwa jozi

Majani yaliyokatwa na kisu kizima huacha shina lililokatika sawasawa. Kisu kikichoka, shina linachanika, linabaki na nyuzinyuzi, na siku chache baadaye ncha zake zinakuwa kahawia. Mengine hayakatiki kabisa: yanalala trekta linapopita, kisha yanainuka nyuma yake. Dereva ataanza kulalamika kwamba trekta linatoa moshi mweusi na dizeli inaisha mapema. Wengi hapo hurudia mstari mara mbili, wanateketeza mafuta, ilhali dawa yake ni kazi ya nusu siku karakana.

Maelezo haya ni ya slasha ya kuzunguka yenye visu viwili vya kuning'inia, iwe imebebwa nyuma ya trekta kwa haidroliki au inakokotwa kwa matairi yake yenyewe. Ndiyo mashine inayofyeka katikati ya mistari ya mkonge na chini ya michungwa huku Tanga, na ndiyo ninayoihudumia. Slasha yenye visu vitatu au vinne hufuata kanuni zilezile. Ukisoma jozi, wewe elewa seti nzima.

Kwanza ujue kisu hiki kinavyofanya kazi

Kisu cha slasha si panga. Hakikati kwa wembamba wa makali, kinakata kwa mwendo na uzito. PTO ya trekta, yaani shafti ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine, inazunguka mara 540 kwa dakika, na giaboksi ya slasha huongeza mwendo huo. Chukua mashine ambayo visu vyake vinachora duara la mita 1.5 na kuzunguka mara 800 kwa dakika: ncha ya kisu inakwenda karibu mita 63 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Kwa mwendo huo makali membamba kama ya wembe hayana faida. Yanakunjika kwenye jiwe la kwanza, halafu unabaki na kisu butu kuliko ulichoanza nacho.

Mwendo huohuo ndio unaofanya uzito wa visu kuwa jambo la kufa na kupona kwa giaboksi. Ukipunguza gramu 100 karibu na ncha ya kisu kimoja na kuacha kingine kama kilivyo, kwenye mashine niliyoitaja unazalisha nguvu ya kuvuta upande mmoja inayokaribia uzito wa kilo 50, na nguvu hiyo inazunguka mara 800 kila dakika. Bearingi hazivumilii, sili ya chini ya giaboksi inaanza kuvuja, bodi inapata nyufa kwenye maungio. Ndiyo maana nasisitiza jozi: kunoa ni jozi, kununua ni jozi, kutupa ni jozi.

Hatua ya 1: Hakikisha mashine haiwezi kukuua

Zima PTO, zima injini, toa ufunguo uutie mfukoni mwako mwenyewe, si mwa dereva. Subiri. Visu vya slasha vina uzito mkubwa na huendelea kuzunguka baada ya PTO kuzimwa, kwa hiyo usisogee hadi uone kwa macho kwamba vimesimama. Chomoa shafti ya PTO upande wa trekta. Weka vizuizi kwenye matairi.

Inua slasha, kisha iegemeze kwenye stendi za chuma au magogo mazito yaliyokatwa sawa, kila pembe. Usitumie matofali ya saruji, yanapasuka bila kutoa taarifa. Na usiingie chini ya slasha inayoshikiliwa na haidroliki peke yake, hata kwa dakika ya kuchungulia. Paipu ikipasuka au mtu akigusa lifti, bodi inashuka papo hapo. Kama slasha yako ni ya kukokotwa, weka pini za kufungia silinda kabla ya stendi.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kufungua chochote

Kwangua majani na udongo ulioganda chini ya bodi, kisha piga brashi ya waya kwenye visu na bolti zake. Uchafu huficha nyufa.

Zungusha kila kisu kwa mkono uliovaa glavu. Kinatakiwa kizunguke kwa uhuru kwenye bolti yake, kwani uhuru huo ndio unaokiwezesha kurudi nyuma kikigonga kisiki. Kisu kilichokwama hakirudi, na pigo lote linapanda kwenye giaboksi. Mara nyingi kinachokwamisha ni udongo uliokauka au kamba.

Hapo angalia shafti inayotoka chini ya giaboksi. Katika mashamba ya mkonge, nyuzi za majani makavu hujisokota hapo, na pamoja nazo kamba za plastiki na waya. Zikikaa, zinaisaga sili hadi oili inatoka. Zikate kwa kisu kidogo, uzitoe zote, kisha papasa: ukikuta oili mbichi juu ya chuma, sili imeshapata shida na itabidi uishughulikie pamoja na visu.

Kabla ya kufungua, weka alama ya 1 na 2 kwa kipigio cha chuma au rangi, kwenye visu na kwenye mikono inayovibeba. Chora pia kwa chaki mshale wa upande visu vinakozunguka.

Hatua ya 3: Kufungua

Kaza gogo la mbao kati ya mkono wa kisu na ukingo wa bodi ili kibebeo kisizunguke. Usikizuie kwa mguu wala kwa mkono. Mashine nyingi zina tundu lenye kifuniko juu ya bodi, na kupitia hapo soketi inafika kwenye nati. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, yaache yafanye kazi wakati unafanya jambo jingine, kisha tumia soketi yenye mkono mrefu. Kuchoma nati kwa gesi ni njia ya mwisho. Ukilazimika kufanya hivyo, bolti hiyo usiirudishe tena.

Hatua ya 4: Amua kisu kinanoleka au kinatupwa

Hapa ndipo pa kutulia. Wapo wanaonoa kisu ambacho kilipaswa kwenda kwenye chuma chakavu.

Angalia kwanza theluthi ya nje, maana ndiyo inayokata zaidi. Kwenye udongo wa mchanga utaiona imeliwa kwa upinde, ncha imekuwa ya mviringo. Kipimo changu ni robo ya upana: sehemu hiyo ikiwa imepungua zaidi ya hapo, sihangaiki kunoa.

Kisha pindua kisu utazame mkunjo wake, pale kinaposhuka kutoka kwenye bolti, na bawa la nyuma kama kinalo. Bawa hilo huinua hewa ili majani yasimame yakatwe, nalo husagwa na mchanga hadi linakuwa jembamba. Pitisha kidole juu na chini ya mkunjo kwa wakati mmoja. Ukihisi bonde, chuma kimekwisha hapo, na kipande cha mbele kinaweza kuchomoka kikiwa kwenye mwendo ule wa kilomita 220.

Nyufa hupenda kuanzia kwenye tundu la bolti, kwenye mkunjo na kwenye makovu makubwa ya makali. Pakaa dizeli kidogo, futa ikauke, kisha sugulia chaki. Ufa huonekana kama mstari uliolowa. Tundu likiwa limevutika na kuwa yai, kisu ni cha kutupa. Bolti nayo ipitishie ukucha: ukikwama kwenye ngazi, yaani pale kisu kilipokula chuma chake, nunua mpya.

Kisu kilichopinda usikinyooshe, kwa baridi wala kwa moto. Na kisu kilichovunjika ncha usikiunge kwa weldingi. Najua visu vya dukani ni ghali na fundi wa weldingi yupo jirani, tena kazi yake utaiona imeshika vizuri. Lakini chuma cha kisu kimepewa ugumu kiwandani kwa joto maalumu. Weldingi inabadilisha ugumu huo pembeni ya kiungo: mstari mmoja unakuwa mkavu wa kuvunjika, mwingine laini. Ikifika shambani, kinachoruka ni kipande cha chuma, na mbele yake kuna dereva, wapalilizi na watoto wanaokwenda shule.

Vivyo hivyo visu vinavyofuliwa kwa springi za lori. Springi ni chuma kizuri, ila kisu kinahitaji kuzimwa, yaani kupozwa ghafla kikiwa cha moto, kisha kupashwa tena kwa joto linalopimwa ili kisiwe kikavu. Fundi asiye na namna ya kupima joto hilo atakupa kisu kinachopinda au kinachopasuka, nawe hutajua ni kipi hadi kigonge jiwe. Mimi sivifungi.

Hatua ya 5: Kunoa

Bana kisu kwenye jiliwa. Vaa miwani, glavu na kinga ya masikio. Tumia grenda yenye diski nene ya kusagia au ya msasa. Diski nyembamba ya kukatia haikuumbwa kubonyezwa ubavu, inapasuka.

Paka chaki kwenye mteremko wa makali. Saga upande uleule wenye mteremko wa kiwandani, kwa pembe ileile, ukienda kwa mikupuo mirefu kutoka ndani kuelekea ncha. Chaki itakuonyesha unapogusa na unapopakosa. Upande wa pili uache ulivyo; ukiusaga, makali yanahama na kisu kinaanza kuyasukuma majani chini.

Acha bapa la milimita 1.5 kwenye makali. Kuliona ni rahisi: elekeza kisu kwenye mwanga ukitazame kutoka mbele. Mstari mwembamba unaong'aa, wenye upana mmoja kutoka ndani hadi nje, ndio bapa hilo. Mstari ukipotea mahali, umenoa mno. Ukipanuka, bado pana kazi.

Kovu kubwa lililotokana na jiwe usilifukuze hadi liishe, utamaliza kisu. Lainisha tu kona zake na chini yake pawe mviringo, kwani kona kali ndiyo inayozaa ufa.

Usibonyeze grenda sehemu moja. Rangi ya buluu ikitokea, joto limekaribia nyuzi 300, na ukiendelea unaanza kula ugumu wa chuma. Pumzisha, hamia kisu cha pili, urudi. Usikitumbukize kwenye maji kikiwa cha moto sana.

Hatua ya 6: Mizani

Pima visu vyote viwili kwenye mizani moja, vikiwa vikavu na safi. Mizani ya duka inatosha ikiwa inaonyesha gramu. Punguza kizito kwa kusaga mteremko wa makali yake kidogo kidogo urefu wote, si kwa kukata kona au kutoboa tundu. Sikubali tofauti inayozidi gramu 30. Linganisha pia urefu, kutoka katikati ya tundu hadi ncha. Kisu kipya hakioani na cha zamani.

Hatua ya 7: Kurudisha

Safisha pale bolti inapokaa hadi uone chuma. Makali yaelekee upande wa mshale wa chaki, bawa litazame juu kwenye bodi. Limewahi kufungwa kinyume na mafundi wazoefu wakiwa na haraka, kwa hiyo tazama mara mbili. Nati za kujifunga ziwe mpya.

Mkazo wa nati usome kwenye kitabu cha mashine. Ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Viko vitabu vinavyotaja 610 Nm. Bila spana ya torki, mkazo huo unaupata kwa mtu wa kilo 62 akining'inia kwenye bomba lililolala sawa, mita 1 kutoka katikati ya nati. Ukishakaza, kisu bado kinatakiwa kuzunguka kwa uhuru. Kikibana, kuna uchafu au bolti si yake.

Hatua ya 8: Kujaribu

Angalia oili ya giaboksi, paka grisi krosi za shafti, hakikisha minyororo ya kinga ya mbele na nyuma imekamilika. Watu wote wakae zaidi ya mita 90. Washa PTO injini ikiwa mwendo wa chini, kisha panda taratibu hadi 540. Mtikisiko wa mwanzo, visu vikinyooka kuelekea nje, ni wa kawaida na unaisha mara moja. Ukiendelea, zima urudi kwenye mizani.

Baada ya nusu saa ya kazi kaza nati tena, kisha zikague kila asubuhi. Mbele ya slasha ishuke kama sentimita 2 kuliko nyuma, na visu visiguse udongo. Mahali palipokaa msimu mzima bila kufyekwa, mtu apite kwanza kwa miguu aweke mti kwenye kila kichuguu na kisiki, maana majani yakizidi kiuno dereva havioni.

Kisu kimoja kikivunjika au kupinda, ondoa vyote viwili. Kile kizima kiandikie uzito wake kwa rangi, ukipake oili, ukitundike. Kikija kupatikana kingine kizima cha aina ileile chenye uzito na urefu unaolingana, umepata jozi bila kununua.