Kabla hujaripoti chuoni kusomea ualimu wa Maarifa ya Jamii

Majina ya waliochaguliwa yakitoka, nyumbani huanza habari za godoro, ndoo, sare na nauli. Hayo hayatakupotea, kwa kuwa fomu ya kujiunga inataja kila kitu, mpaka jembe na fyekeo. Ninayotaka kuyasema hayamo kwenye fomu, nami niliyajua nikiwa tayari ndani ya chuo kidogo, chenye wakufunzi wawili wa somo letu na maktaba ya chumba kimoja.

Somo lenyewe limebadilika sura. Wengi bado tunaliita Maarifa ya Jamii, lakini mtaala ulioboreshwa wa 2023, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, umeligawa. Sasa kuna Jiografia na Mazingira, na kuna Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa hiyo usikimbilie kununua vitabu vya zamani mtaani kwa kuwa tu jina unalolijua liko kwenye jalada. Ingia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, upakue vitabu vya kiada ungali mahali penye mtandao mzuri, na uvihifadhi kwenye simu. Katika chuo kidogo nakala moja huzungushwa bweni zima, na zamu yako inaweza kufika usiku wa kuamkia mtihani.

Kinachowaangusha walimu tarajali wengi ni lugha. Miaka minne ya sekondari umesoma Historia na Jiografia kwa Kiingereza na kujibu mtihani kwa Kiingereza. Leo unasimama mbele ya watoto wa shule ya msingi wanaosubiri Kiswahili. Mara ya kwanza kusimama darasani katika shule ya mazoezi, mada yangu ilikuwa mifumo ya jamii za kale. Jambo nililijua vizuri, ila maneno yalinikimbia. Nilizunguka, nikaeleza kwa mikono, watoto wakanitazama tu. Jioni mkufunzi wangu aliniita akaniambia, "Mwalimu, kaa na msamiati wako kwanza." Tangu siku hiyo nikawa na daftari la istilahi: ujima, ukabaila, ukoloni mamboleo, latitudo, longitudo, skeli, mmomonyoko wa udongo. Nawe anza lako leo, kabla ya safari.

Nalo neno likipatikana, hubeba somo zima mgongoni. Ukabaila, yaani mfumo wa wanyonge kuwatumikia wenye ardhi au mifugo, haukuwa na sura moja kila mahali: pwani ulikuwa umwinyi, kwa Wahaya nyarubanja, na kule Buha, mkoani Kigoma, ubugabire. Mtoto wa Kasulu anaweza kuwa ameshalisikia neno hilo la mwisho kwa babu yake. Mwalimu anayelijua ameshapata mlango wa kuingilia, na hana haja ya kuanza na fasili ndefu ubaoni.

Uangalie hata saa. Hesabu za longitudo husema dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, basi mahali palipo nyuzi 45 mashariki pametangulia Greenwich kwa saa tatu. Hesabu ni rahisi, lakini kitabu kikisema saa 12 mchana, mtoto wetu anafikiri jua linazama. Lazima uwe umezoea kugeuza: saa sita mchana ya Greenwich ni saa tisa alasiri yetu. Jizoeze mpaka usijikwae, kwa maana ukijikwaa wewe darasa zima linapotea.

Jifunze kuchora ramani kwa mkono. Shule nyingi utakazopangiwa hazina projekta, na nyingine hazina umeme kabisa, ila ubao na chaki utavikuta. Piga miraba kwa penseli juu ya ramani ya Tanzania, kisha hamisha mstari kwa mstari kwenye karatasi ya manila. Rudia mpaka uweze kuuchora mpaka wetu bila kutazama, ukiwataja majirani wote wanane kuanzia Kenya na Uganda, kupitia Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi, hadi Msumbiji. Ramani yangu ya kwanza iliifanya Mtwara ielekee baharini kama mkia, na nilifuta mara nyingi kabla haijakaa.

Kwa upande wa fedha, tenga akiba ya mazoezi ya kufundisha. Ada huzungumzwa mapema, ila manila, kalamu za wino mzito, gundi, madaftari ya maandalio ya somo na nauli ya kufika shule uliyopangiwa vinakuja pamoja katikati ya mwaka. Kusanya maboksi matupu na vizibo vya kutengenezea zana za kufundishia tangu sasa. Na mzazi anayekusomesha umweleze mapema kwamba cheti peke yake hakileti ajira ya serikali. Siku hizi kuna usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na wapo waliosubiri miaka.

Kabla ya kuondoka kijijini, tafuta mchana mmoja ukae na wazee. Shikamoo kwanza, kisha uliza pole pole: hapa palikuwaje kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa? Nani alihamishwa, kutoka wapi, aliacha nini? Ukiwa mtu wa Kilwa au Songea, uliza walisikia nini kwa wazazi wao kuhusu Maji Maji, vita vilivyoanzia Umatumbi Julai 1905 vikaenea hadi Ungoni. Baadhi ya majibu yatakuwa na machungu, na mzee akinyamaza mwache anyamaze. Bibi yangu alinionyesha mwembe uliobaki peke yake pale ilipokuwa nyumba ya baba yake, akataja majina ya majirani waliotawanywa. Niliyaandika yote. Darasani, nilipofika mada ya vijiji vya ujamaa, nilianza na mwembe ule, na mtoto mmoja akanyoosha mkono akasema kwao pia upo.