Rafiki yako anaogopa nyoka wako? Mwache yeye ndo aamue

Ukifuga nyoka hii haikwepeki, una rafiki mnaelewana kila kitu ila ukimwambia njoo kwangu anauliza kwanza yule nyoka bado yupo, na akija anakaa kiti cha karibu na mlango. Usimcheke. Hofu yake ni ya kweli, moyo unamwenda mbio kweli na mikono inatoka jasho kweli, na kumwambia acha uoga huyu hana sumu haisaidii kitu maana anajua hana sumu, ulishamwambia mara mia, mwili wake ndo haujakubali.

Shika jambo moja tu na mengine yatafuata: rafiki ndo amfuate nyoka, nyoka asimfuate rafiki. Yani kila hatua ya kusogea aipige mwenyewe kwa miguu yake na akitaka kurudi nyuma arudi bila kuulizwa mbona. Ukimletea nyoka usoni kwa utani, hata mara moja, umeharibu, kuanzia hapo atakuwa anachunga mikono yako badala ya kumwangalia nyoka na kumrudisha akuamini tena ni kazi kubwa sana.

Kabla hata hajaja, muulize anaogopa nini hasa. Watu wanadhani hofu ya nyoka ni moja, sio. Kuna anayeogopa kuumwa, kuna anayesumbuliwa na ule mwendo wa kiumbe asiye na miguu, kuna ambaye ni ulimi tu unamsisimua mwili, na kuna aliyeumwa kweli au aliona ndugu yake akiumwa, na wahenga walishasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo huyo mpe muda mrefu zaidi ya wote. Na kama ni mtu ambaye picha tu ya nyoka kwenye simu inamfanya akose pumzi au alie, hiyo ni fobia, dawa yake iko kwa mtaalamu wa saikolojia anayejua kumzoesha mtu kidogo kidogo, sio sebuleni kwako.

Haya yote nasema kuhusu nyoka asiye na sumu, mdogo na mtulivu. Mfano Python regius, yule chatu mfupi mnene ambaye akiogopa anajikunja duara kama mpira na kichwa anakificha katikati, au Pantherophis guttatus, yule mwembamba mwenye mabaka ya rangi ya machungwa anayetoka Marekani. Chatu wa mita 3 au 4 sio wa kumwanzia mtu mwoga hata awe mpole vipi, na nyoka mwenye sumu hayumo kabisa kwenye mazungumzo haya.

Siku ya kumtambulisha nayo chagua vizuri. Macho ya nyoka yakianza kuwa na ukungu wa bluu ujue anakaribia kujivua gamba, kipindi hicho haoni vizuri na anashtuka haraka, mwache. Akishakula mwache pia angalau saa 48, ukimshikashika tumbo likiwa limejaa anaweza kutapika na rafiki yako akiona hilo hatarudi. Siku ya kulisha nayo hapana, anakuwa anawinda. Mtoe kwanza wewe mwenyewe kabla mgeni hajafika umcheki mudi, akiwa amejikunja shingo kama herufi S, anapumua kwa nguvu au anatoa sauti ya kufoka, ahirisha tu, hakuna haraka.

Mgeni akifika usiende moja kwa moja kwenye tangi. Mwonyeshe kufuli la kifuniko na umwache alisukume mwenyewe aone halifunguki, hii inatuliza kuliko maelezo ya nusu saa, afu mwache akae anapotaka, hata mlangoni, mpige stori zenu za kawaida nyoka akiwa kule ndani ya kioo. Atakuwa anamtupia jicho kila baada ya muda. Mwache atazame.

Akianza kuuliza maswali ndo unamweleza anachokiona, na hapa usiwe na papara maana hapa ndo mambo yanabadilika. Ule ulimi hauchomi wala haubebi sumu, nyoka ananusa nao. Unatoka nje, unachota chembe za harufu hewani, unarudi ndani na zile chembe zinafikishwa kwenye kiungo cha Jacobson kilichopo kwenye paa la mdomo, na zile ncha mbili zinamsaidia kujua harufu inatoka upande gani. Mwambie autazame unavyotoka taratibu, unapanda na kushuka, unarudi, huyo ni nyoka anayepeleleza chumba tu. Yale macho yanayokodoa hayapepesi kwa sababu nyoka hana kope, kila jicho limefunikwa na gamba moja linaloonyesha kama kioo, kwa hiyo hamkodolei mtu kwa ubaya, hata akilala yako hivo hivo. Nimeona watu wengi wakibadilika hapa hapa, anaanza anasema litoe hilo, baada ya muda anasema huyu ananusa nini sasa hivi. Akimuita huyu badala ya hilo ujue mnaenda vizuri.

Hatua inayofuata wewe ndo unamshika, yeye yuko mbali mita 2 au 3, na mlango uko upande wake sio upande wako. Kaa chini, usisimame, nyoka akiwa chini haonekani mkubwa na hata akiteleza haumii. Sema unachofanya kabla hujafanya, nafungua kifuniko, nambeba, nakaa hapa, sitasogea. Mshike sehemu mbili za mwili asining'inie, nyoka asiyejisikia salama anahangaika na akihangaika rafiki yako naye anapaniki. Afu mrudishe mapema, mrudishe wakati rafiki bado yuko sawa, usingoje mpaka achoke kwa sababu kile alichojisikia mwishoni ndo anachoondoka nacho nyumbani.

Kumgusa inaweza kuwa siku hiyo, mwezi ujao au isiwe kabisa. Akiomba mwenyewe, kwanza wote mnawe mikono na sabuni, sio kwa usafi tu, chatu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, na mkono wenye joto unaonuka panya au sungura kwake ni chakula. Kichwa kielekee kwako na mkono wako uwe kati ya kichwa na mgeni. Yeye atumie kidole kimoja, aguse katikati ya mwili, apitishe kuelekea mkiani kufuata magamba, na mkono uje kutoka ubavuni sio kutoka juu ya kichwa, maana ndege wanaomwinda nyoka wanatokea juu.

Wengi wanategemea utelezi. Mwambie mapema kuwa ngozi ni kavu na laini, na ubaridi au uvuguvugu wake unategemea pale nyoka alipokuwa amelala kwa sababu joto lake analipata nje ya mwili. Na mwambie hili pia, watu wanalisahau: utasikia misuli inatembea chini ya kidole. Asipoambiwa atashtuka na kuvuta mkono kwa nguvu, akiambiwa ataisubiri, na mara nyingi anaomba kugusa tena ili aisikie vizuri.

Kama anataka kumshika kabisa, akae, mikono iwe wazi, nyoka apite juu yake mwenyewe bila kubanwa. Kubaliana naye neno moja, mfano chukua, akilisema unamchukua saa hiyo hiyo hata kama nyoka ametulia vizuri. Shingoni hapana kwa mgeni, hata aombe kwa ajili ya picha. Na simu weka chini, usimrekodi akiwa anatetemeka bila ruhusa yake, wala usialike kundi la watu waje kumwangalia.

Usimwahidi kwamba nyoka hawezi kuuma. Mwenye mdomo anauma. Mwambie ukweli kwamba nyoka mdogo hivi akiuma huwa anaacha michubuko na vitobo vidogo, mtaosha kwa maji na sabuni, na kama kitabaki chochote cha wasiwasi mtaenda kwa daktari. Muhimu asivute mkono akiwa ameng'atwa, meno ya nyoka yamelala kuelekea nyuma, ukivuta unajichana mwenyewe.

Mkimaliza mnanawa tena, nyoka anaweza kubeba bakteria wa salmonela hata akiwa mzima kabisa. Watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wenye kinga dhaifu ya mwili waishie kutazama tu.

Na mwambie waziwazi kwamba haya ni ya nyoka huyu tu. Nyoka wa nje aliyemkuta njiani au kwenye majani asimsogelee wala asijaribu kumtambua kwa rangi, arudi nyuma amwache apite.

Wapo watakaoishia kukaa chumba kimoja na tangi na hawatagusa maisha yao yote, hapo mmefika, usimsukume. Akija kulala kwako hakikisha tangi liko chumba kingine, na kabla hajatoka kwake mtumie meseji: nyoka yuko ndani, nimefunga, na simtoi mpaka useme wewe.