Kutoka Tanga hadi upasuaji wa matundu madogo: namna ya kumfuatilia mgonjwa wa saratani

Upasuaji wa matundu madogo hutumia kamera na vyuma vyembamba vinavyopitishwa kwenye matundu ya milimita 5 hadi 12. Mgonjwa hupona haraka, na kwa mama lishe wa Ngamiani, hapa Tanga, kila siku ya kulala wodini ni siku watoto wanakosa chakula. Inauma kwamba wanaoupata kirahisi ni wenye bima nzuri na wakazi wa miji mikubwa. Hata Marekani, wagonjwa Weusi na wasio na bima huukosa zaidi kuliko Wazungu wenye bima.

Ndugu wa mgonjwa, anzeni na kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachokatwa ili kipimwe. Kikishakatwa, kiwekwe mara moja kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia) ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kinyama chenyewe. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi kinaoza, majibu hayasomeki, na kipimo kinarudiwa wakati uvimbe unakua. Hakikisheni chupa ina jina kamili na sehemu kilikotolewa. Majibu yakitoka, ombeni na bloku za nta ambamo kinyama kimehifadhiwa, maana hospitali ya rufaa inaweza kutaka kuzisoma upya.

Barua ya rufaa kutoka Bombo, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Tanga, isiandikwe "uvimbe tumboni" tu. Itaje aina ya saratani na hatua yake, na picha za CT (kipimo cha mionzi cha ndani ya mwili) ziende kwenye CD yake, si karatasi ya majibu peke yake.

Asiye na uwezo aende kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kusafiri, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Wengi hukumbuka msamaha wa malipo bili ikishafika, na hapo mambo huwa magumu.

Mbele ya daktari bingwa, ulizeni waziwazi: "Uvimbe huu unafaa kwa matundu madogo? Kama haufai, kwa nini?" Uvimbe mkubwa au ulioshikana na viungo vingine mara nyingi huhitaji kupasua wazi. Ulizeni pia ameshafanya wangapi wa aina hiyo.

Kwa saratani ya shingo ya kizazi, msing'ang'anie matundu. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa waliotolewa kizazi kwa njia hiyo walirudiwa na ugonjwa na kufariki zaidi kuliko waliopasuliwa wazi. Hapo kupasua wazi si huduma ya maskini.

Kabla ya kurudi Tanga, chukueni tarehe ya majibu ya uvimbe uliotolewa. Hayo ndiyo yanayoamua kama mgonjwa aendelee na dawa au mionzi Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam.