Somo: Namna ya kuanza kusoma alama za Kichina

Habari zenu ndugu zangu. Wafanyabiashara wengi wanaokwenda Guangzhou na Yiwu, huko China, kufuata mzigo hujifunza kuuliza bei na kuhesabu, basi. Maandishi wanayapa kisogo, wakiamini ni maelfu ya michoro ya kukariri mmoja mmoja. Si kweli, na inaniuma kuona watu wanakata tamaa kabla hawajaanza.

Tazameni tarakimu 7. Mswahili husema saba, Mwarabu sab'a, Mfaransa sept, lakini wote wanaelewa idadi ile ile. Alama 山 ni vivyo hivyo: ni mlima. Mtu wa Beijing hutamka shān, anayesema Kikantoni hutamka saan, Mjapani husema yama.

Hatua ya 1: Zinazoonyesha wazo lenyewe. 一, 二, 三 ni moja, mbili, tatu. 上 ni juu, 下 ni chini. 木 ni mti. Weka kistari kwenye mguu wake upate 本, yaani shina au chanzo. Kiweke kileleni upate 末, ncha. Alama za aina hii ni chache, utazimaliza upesi.

Hatua ya 2: Mawazo mawili kuwa moja. Miti miwili, 林, ni kichaka cha miti. Mitatu, 森, ni msitu mnene. Mtu 人 akibanwa pembeni huandikwa 亻, na akiegemea mti, 休, anapumzika. Shamba 田 juu ya nguvu 力 ni 男, mwanamume. Hiyo na 女, mwanamke, ndizo mtakazoziona kwenye milango ya vyoo.

Hatua ya 3: Maana upande huu, sauti upande ule. Hapa msiharakishe, maana alama zaidi ya nane katika kila kumi zimeundwa hivi. 妈 ni mama: kushoto mwanamke 女, kulia farasi 马. Farasi hahusiani na mama hata kidogo. Kawekwa kwa sababu jina lake, mǎ, linakaribiana na mā. Kwa hiyo anayewaambia Kichina ni picha tupu anawapotosha.

Chukueni 青, qīng. Iongezeeni matone matatu ya maji 氵: 清, maji safi. Jua 日: 晴, anga jeupe lisilo na mawingu. Moyo 忄: 情, hisia. Maneno 讠: 请, tafadhali. Zote nne hutamkwa qing, zikitofautiana toni tu, yaani sauti inavyopanda na kushuka. Kushoto panakudokezea jambo linahusu nini, kulia panakudokezea utamke vipi. Ukikuta 氵 kwenye menyu au ramani, wazia kitu cha majimaji: 河 mto, 海 bahari, 汤 supu, 酒 pombe.

Hatua ya 4: Andika kwa mkono. Juu kwanza kisha chini, kushoto kwanza kisha kulia. 口, mdomo, ina pande nne lakini huandikwa kwa mapigo matatu ya kalamu: shuka kushoto, anza tena juu, nenda kulia na ushuke bila kuinua kalamu, halafu funga chini. Ukizoea utaratibu huo, hata mwandiko wa haraka wa muuza duka utaanza kuusoma.

Hatua ya 5: Kamusi. Xu Shen, msomi wa China, karibu mwaka 100 B.K., alizipanga alama katika kamusi yake kwa vipande 540 vya maana, kama 女. Kamusi ya mfalme Kangxi ya 1716 ilitumia vipande 214, na kamusi nyingi bado zinafuata njia hiyo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. 人 na 入 zinanichanganya sana.*
Marahaba. Angalia kileleni. Kwenye 人, mtu, mstari wa kushoto ndio unaoanzia juu. Kwenye 入, ingia, wa kulia ndio unaopanda na kumfunika mwenzake.

*Kaka, 出口 naiona ukutani, halafu naikuta tena kwenye karatasi za mzigo. Vipi hapo?*
出 ni kutoka, 口 ni mdomo au mlango. Ukutani ni mlango wa kutokea. Kwenye karatasi ni kuuza bidhaa nje ya nchi. Kuagiza kutoka nje ni 进口, na mlango wa kuingilia ni 入口. Hizo tatu zishike kabla hujapanda ndege.

*Nijifunze alama zilizorahisishwa, zenye mistari michache, au za zamani?*
Ukienda China bara, zilizorahisishwa. Serikali ilitangaza mpango wa kuzirahisisha mwaka 1956. Hong Kong na Taiwan wanatumia za zamani. Farasi kule ni 馬, bado ana nukta nne za miguu.

*Zote ni ngapi, dada yangu aache kunitisha?*
Orodha rasmi ya China ya 2013 ina alama 8,105. Za matumizi ya kawaida, kundi la kwanza, ni 3,500. Mwambie dada aanze na hizi za hatua ya 1 na 2, kisha 青 na wenzake, jioni hii hii.