Namna ya kuandika mafunzo ya maisha yako watoto wakayasoma mpaka mwisho

Nimekula mshahara wa uhasibu mpaka nikastaafu, kwa hiyo mtanivumilia nikianza na sheria ya kazini: matumizi yasiyo na risiti hayaingii daftarini. Funzo la maisha nalo ni hivyo hivyo. Ukiwaandikia watoto "kuweni waaminifu" au "haraka haina baraka", watasoma mistari miwili, watapiga miayo, kisha karatasi itaishia chini ya rundo. Hayo wameyasikia tangu utotoni, na kwa watu wenye sauti nzuri kuliko yako. Wasichokijua ni yaliyokukuta wewe hadi ukayaamini.

Basi usianze na mafunzo, anza na matukio. Chukua daftari la kawaida, piga mstari wa wima katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika kilichotokea: nani alikuwepo, mlikuwa wapi, kilisemwa nini. Upande wa kulia uache mtupu kwanza. Ukikimbilia kulia utaandika methali, nami sina ugomvi na methali, ila hizo zina wenyewe tayari.

Kumbukumbu zikigoma kuja, jiulize maswali ya pembeni. Ni kazi gani niliikataa wakati ilikuwa na pesa? Nani alinisaidia na hakunidai hata shukrani? Ni jambo gani nililishikilia ujanani kwa nguvu zote na leo silitetei tena? Ukikwama kabisa, fuata njia ya Marcus Aurelius, aliyekuwa mtawala wa Roma karne ya 2. Maandishi yake ya binafsi yanaanza kwa kutaja watu mmoja mmoja, babu yake, mama yake, walimu wake, na alichokipata kwa kila mmoja. Kwa mama alitaja ukarimu na kuishi bila makuu. Orodha ya watu huja upesi kuliko orodha ya hekima. Jaribu, utaona.

Sasa nikuonyeshe ukurasa mmoja wangu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea njia. Kaka yangu aliwahi kunikopa fedha za kuanzisha biashara. Biashara ikafa, naye akaanza kunikwepa. Kwenye shughuli za familia alifika wageni wakishaanza kuondoka, simu yangu akawa anampa mkewe apokee. Miaka ikapita hivyo. Nilipokaa kuandika, sentensi ya kwanza iliyonijia ni "usimkopeshe ndugu". Safi, fupi, kila mtu angeitikia kwa kichwa. Lakini nilipousoma upande wa kushoto niliona kwamba fedha nilikuwa nimezitaja mara moja tu, na kwingine kote nilikuwa namzungumzia yeye: kicheko chake, mizaha yake, kiti chake kitupu. Kilichoniuma hakikuwa deni. Kwa hiyo upande wa kulia niliandika hivi: "Ndugu akikopa, mpe kile tu ambacho uko tayari kukisamehe, na mwambie siku hiyo hiyo kwamba asipoweza kulipa bado aje nyumbani." Ni sentensi ndefu na haipendezi kuitundika ukutani. Lakini ni yangu, na mwanangu anaweza kuitumia kesho.

Fanya hivyo kwa kila tukio. Soma kushoto polepole, angalia ni neno gani linajirudia, ndipo uandike kulia. Ukurasa mmoja, funzo moja. Mafunzo yakifika mawili, yagawe kurasa mbili.

Ukishapata kurasa za kutosha, zikague. Hapa uhasibu wangu unarudi: toa kalenda ya zamani, taarifa za benki, hata ujumbe wa simu. Umeandika kwamba familia ndiyo kwanza. Je, jioni zako zilikwenda wapi? Simaanishi ujihukumu. Pakitokea tofauti kati ya maneno na kumbukumbu, iandike tofauti hiyo palepale, maana msomaji anayekufahamu ataiona hata ukiificha. Benjamin Franklin wa Marekani alijipangia maadili 13, akawa anakazia moja kila wiki na kutia alama kwenye kijitabu kila alipoteleza. Wiki 13 zikiisha anaanza upya, mizunguko minne kwa mwaka. Baadaye alikiri kwamba utaratibu, yaani kila kitu mahali pake na kwa wakati wake, ndio uliomsumbua kuliko mengi. Mimi nampendea ungamo hilo zaidi ya orodha yenyewe.

Kuna vitu usiviweke. Siri ya mtu mwingine, hata kama amefariki. Ugomvi unaotaka kuumalizia huku mwenzio hana nafasi ya kujibu. Habari za nyumba na mali pia zisiingie humu. Hizo ziende kwenye wosia wa kisheria wenye mashahidi, kwa sababu ukichanganya, watoto watasoma maneno yako ya mapenzi wakitafuta ni nani kaachiwa nini.

Kama kuandika kunakuchosha, zungumza na mtu arekodi. Daktari wa akili wa Kanada, Harvey Chochinov, amebuni tiba ya aina hii kwa wagonjwa walio karibu na kifo: mgonjwa huulizwa maswali, majibu hurekodiwa na kuandikwa, kisha husomewa ayasahihishe kabla ya kukabidhiwa watu aliowachagua. Hatua ya kusomewa usiiruke. Maneno yako yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, majivuno yote husikika.

Kuhifadhi ni jambo dogo. Wino usiochujuka, karatasi nzuri. Usiandike nyuma ya risiti za mashine, maana chapa yake hufifia yenyewe na karatasi hugeuka rangi. Nimeshika nyingi zilizobaki tupu kabisa. Sauti ziweke nakala mbili mahali pawili, na mtu mmoja ajue nywila. Kila ukurasa utie tarehe, kwa kuwa ulichoamini mwaka huu unaweza kukibadili, na hilo si aibu.

La mwisho, kabidhi ungali hai. Wengi hupenda daftari lifunguliwe baada ya mazishi; kwangu mimi huko ni kukwepa maswali. Acha nafasi chini ya kila ukurasa, wape kalamu, waambie waandike wanachokikataa. Binti yangu alipofika kwenye ukurasa wa mkopo aliandika: "Mjomba anasimulia tofauti. Muulize." Nikamuuliza. Anasema hakuwahi kunikwepa, mimi ndiye niliyekuwa nikinuna kila akiingia, na mkewe alipokea simu kwa sababu yeye alikuwa akiona haya kulia mbele yangu. Maelezo yake nimeyabandika chini ya yangu kama alivyoyaandika, pamoja na makosa ya tahajia.